Linkeji ya Nyuma: Kabla Hujailaumu Shokapu

Pikipiki ya motokrosi ikianza kutupa mkia kwenye rafu rodi, au kugonga nyuma kila inapotua kutoka kwenye tuta, lawama zote huiendea shokapu. Inafunguliwa, inapelekwa kwa fundi, inabadilishwa oili na gesi, inarudishwa, na pikipiki inaendelea kutupa mkia vilevile. Pesa imekwenda, ugonjwa umebaki. Mara nyingi kilichokufa ni viungo vilivyo chini ya shokapu, mahali tope linapotua na macho hayafiki. Hiyo ndiyo linkeji. Ndani yake mna beringi ndogo za sindano ambazo bei yake haifiki popote ukiilinganisha na gharama ya kufufua shokapu, na ambazo zingeishi muda mrefu kama mtu angekumbuka kuzijaza grisi.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, kwa sababu asiyejua kipi kinasogea wapi hufunga bolti kwa kubahatisha. Tairi la nyuma limeshikwa na suingamu, ule mkono mrefu unaopanda na kushuka kwenye ekseli moja nene nyuma ya injini. Zamani kulikuwa na shokapu mbili, moja kila upande, kama zilivyo hadi leo kwenye pikipiki nyingi za bodaboda. Yamaha walileta shokapu moja ya katikati kwenye YZ250 ya kuuzwa madukani mwaka 1975, na miaka michache baadaye Kawasaki wakaweka viungo kati ya suingamu na shokapu, wakaviita Uni-Trak. Honda wakafuata na Pro-Link, Suzuki na Full Floater, wote mwaka 1981. Majina yanatofautiana, wazo ni lile lile: kuna kipande cha aluminiamu chenye matundu matatu, hapa nitakiita roka, na kuna fimbo fupi, moja au mbili. Roka imeshikana na mguu wa shokapu kwa tundu moja, na kwa mengine mawili imeshikana na suingamu na fremu, upande mmoja moja kwa moja na upande wa pili kupitia ile fimbo.

Tairi likipanda, roka inageuka na kuisukuma shokapu. Mwanzoni inaisukuma polepole, ndiyo maana pikipiki inakuwa laini kwenye vijiwe vidogo. Kadiri tairi linavyozidi kupanda, shokapu inasukumwa kwa kasi zaidi na ugumu unaongezeka, ndiyo maana unaweza kutua kutoka juu bila kufika mwisho kwa kishindo. Kwenye pikipiki kubwa ya motokrosi tairi la nyuma husafiri karibu milimita 300, ilhali shokapu yenyewe inabonyea chini ya nusu ya hapo. Hesabu hiyo ina ubaya wake pia: kulegea kidogo kwenye kiungo kunakuzwa kunapofika kwenye tairi. Nusu milimita ndani ya beringi, ambayo jicho halioni kitu, dereva anaihisi makalioni.

Si kila pikipiki ya porini ina linkeji, kwa hiyo chungulia kwanza kabla ya kununua chochote. KTM walianza kuiacha mwaka 1998, wakafunga shokapu moja kwa moja kwenye suingamu kwa mfumo wanaouita PDS. Baadaye wakairudisha linkeji kwenye SX za motokrosi, lakini mwenye EXC ya porini ataangalia chini na asiione. Honda CRF, Yamaha YZ, Kawasaki KX na Suzuki RM-Z zinazo. Hata CRF250L, ambayo watu wengi hutembelea nayo barabarani siku za kazi na kuingia nayo porini Jumapili, inayo Pro-Link.

Sasa, kwa nini beringi hizi hufa mapema hivi? Beringi ya gurudumu inazunguka mzunguko mzima, grisi inatembea nayo, kila sehemu inapata zamu yake. Beringi ya linkeji haizunguki. Inayumba digrii chache kwenda na kurudi, sindano zile zile zikikandamiza mahali pale pale, na grisi iliyosukumwa pembeni hairudi yenyewe. Maji yakiingia, hayana pa kutokea. Pikipiki ikikaa bandani wiki tatu na unyevu ndani, kutu inaanza mahali sindano zilipolala, na siku utakapoiendesha tena kutu hiyo inakuwa msasa. Ndiyo maana unaweza kukuta pikipiki iliyotembea kidogo sana ina linkeji iliyokufa, na ya mshindani anayekimbia kila mwisho wa mwezi ina linkeji nzima. Kinachoua ni maji na kukaa.

Na maji mengi hayatoki mtoni. Yanatoka kwenye mashine ya kuoshea magari. Kijana wa kaoshi anajua kwamba tope gumu liko chini, basi analaza pikipiki kidogo na kuelekeza mdomo wa mashine pale pale kwenye viungo, kwa ukaribu wa shibiri moja. Sili zilizopo pale zina mdomo mwembamba wa mpira uliotengenezwa kuzuia vumbi na matone, hauwezi kusimama mbele ya presha ile. Mwambie aoshe viungo kwa ndoo na brashi, au osha mwenyewe. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja na unapenda kukimbiza pikipiki ufukweni, jambo hili si la hiari hata kidogo: chumvi inaingia na maji, maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ikivuta unyevu kila usiku.

Kujua kama linkeji yako imelegea ni kazi ya dakika chache. Pandisha pikipiki juu ya sanduku imara la mbao au stendi ya chuma mpaka tairi la nyuma liwe hewani. Kreti la soda lililogeuzwa ndilo wengi hulitumia. Kwa kubadilisha oili linatosha, kwa kazi hii halifai, kwa sababu utakuwa unavuta na kugonga na pikipiki inaweza kuteleza ikakuangukia. Shika tairi kwa nyuma na ulinyanyue taratibu kwa vidole, si kwa nguvu za mabega. Unatafuta ile hatua ndogo kabla springi haijaanza kupinga. Ukisikia “tk”, kuna mahali pamelegea. Mwombe mwenzako aendelee kunyanyua na kushusha huku wewe ukiweka kidole kwenye kila kiungo, nusu kwenye kipande kimoja na nusu kwenye kingine: juu ya shokapu, chini ya shokapu, roka, fimbo, kisha ekseli ya suingamu. Kidole kitakuambia kiungo gani kinacheza. Halafu sukuma suingamu kushoto na kulia. Ikicheza upande, ugonjwa uko kwenye ekseli yake. Tairi likicheza lakini suingamu imetulia, hizo ni beringi za gurudumu, habari nyingine kabisa.

Kipimo cha kweli zaidi kinakuja ukishatoa bolti ya chini ya shokapu. Bila springi, suingamu inapaswa kushuka yenyewe kwa uzito wake, laini, bila kukwama wala kukwaruza. Ikisimama katikati kama inafikiri, beringi zimekauka.

Kufungua nitakupitisha haraka. Piga picha za simu kila upande kabla ya kugusa spana: vichwa vya bolti vimeelekea wapi, roka imekaa vipi, cheni na paipu ya breki zinapita wapi. Weka alama ya kalamu ya rangi kwenye upande wa kushoto wa roka na wa fimbo. Toa tairi, kisha weka kipande cha mbao chini ya suingamu na ukipandishe au kukishusha mpaka uzito wote uwe umeondoka kwenye viungo. Hapa ndipo bolti nyingi huharibiwa. Bolti inakataa kutoka, fundi anaongeza nyundo, kumbe haijakwama kwa kutu, imebanwa tu na uzito wa suingamu. Pandisha mbao kidogo, jaribu kuisukuma kwa kidole gumba, shusha kidogo, jaribu tena. Ikikataa kabisa, ndipo unapopuliza mafuta ya kulegeza kutu, unaiacha ilale hadi kesho, unarudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya bolti ili uzi usiharibike, na unagonga kwa kipande cha shaba au aluminiamu, si kwa nyundo tupu. Ekseli ya suingamu kwenye pikipiki nyingi inapita pia ndani ya sehemu ya nyuma ya injini, kwa hiyo ikitoka injini inaweza kushuka kidogo. Pitisha bisibisi ndefu pale pale iishikilie.

Ukifungua beringi ya kwanza, ifungulie juu ya sinia au kitambaa cheupe. Linkeji nyingi zina sindano zisizo na kizimba cha kuzishika. Kinachozishikilia ni grisi tu na bushi ya chuma ya katikati. Ukivuta bushi haraka, sindano zinamwagika kama mchele wa gunia lililotoboka, na moja ikipotea kwenye mchanga wa uani hutaiona tena. Zihesabu. Hesabu pia za upande wa pili wa roka, maana mara nyingi pande mbili zinalingana, na ukikuta upande mmoja umepungua moja basi kuna mtu alifika pale kabla yako akaamua kunyamaza. Usichanganye sindano za beringi hii na za ile. Zimeshazoea kukaa pamoja.

Osha kila kitu kwa dizeli au mafuta ya taa na brashi laini, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Petroli inaosha vizuri, lakini inakausha mpira wa sili na inawaka. Usiitumie karibu na fundi wa kuchomelea, na katika gereji zetu fundi huyo hayuko mbali. Kisha keti kwenye mwanga. Chukua bushi ya chuma na uizungushe mbele ya macho. Inapaswa kung'aa sawasawa. Ikiwa na mistari ya kijivu ambayo ukucha unapita juu yake bila kukwama, bado ina maisha. Ukucha ukikwama kwenye shimo au mtaro, bushi imekufa, na beringi iliyokuwa ikiizunguka imekufa nayo. Usibadilishe moja ukaacha nyingine. Kuna anayesugua bushi kwa msasa mpaka ing'ae na kuirudisha; kinachong'aa hapo ni ile ngozi ngumu ya juu ikiondoka, na chini yake chuma ni laini, hakidumu.

Kununua beringi hakuhitaji safari ya Japani. Nyingi ni za vipimo vya kawaida, namba imechongwa pembeni, na maduka ya beringi Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka mjini Kampala huuza kwa namba hiyo. Lakini chukua ya zamani uende nayo mkononi. Kuna beringi zenye kipenyo kilekile na upana uleule, moja imejaa sindano bila kizimba, nyingine ina kizimba na sindano chache. Muuzaji atakuambia ni ile ile. Kwa kiungo kinachoyumba bila kuzunguka na kubeba mshindo wa kutua, iliyojaa sindano hubeba mzigo zaidi; kama kiwandani waliweka hiyo, rudisha hiyo. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi na maandishi kwenye kasha yamechapwa kwa wino unaofutika kwa kidole, acha. Nunua na sili mpya siku hiyo hiyo. Kuweka beringi mpya nyuma ya sili iliyochanika ni kuandaa safari nyingine ya Kariakoo.

Kabla ya kusukuma beringi ya zamani nje, pima imekaa ndani kiasi gani kutoka ukingoni, uandike. Beringi haikai sawa na uso wa nje. Imezama milimita kadhaa kuachia sili nafasi. Ikizama pungufu, sili haiingii. Ikizidi, bushi haishikwi inavyopaswa. Presi ikikosekana, bolti ndefu yenye uzi, nati mbili, washa nene na soketi mbili za saizi inayofaa zinatosha: soketi ndogo inasukuma, kubwa inapokea. Aluminiamu inatanuka haraka kuliko chuma, kwa hiyo pasha roka moto mpaka tone la maji lichemke juu yake, na beringi mpya iwe imelala kwenye friza usiku kucha. Vikikutana, beringi inaingia kwa ulaini unaoshangaza. Sukuma ule upande wenye maandishi, kwa sababu ndio ulioimarishwa kupokea nguvu; ukisukuma upande wa pili unakunja kingo na sindano zinabanwa. Nyundo iache kabatini.

Grisi nayo isichaguliwe kwa kulingana na rangi ya pikipiki. Unahitaji inayostahimili maji: grisi za injini za boti hufaa, na Honda kwenye baadhi ya linkeji zake wanataka yenye molibidenamu, kwa hiyo soma kitabu chako. Grisi ya zamani ioshwe yote, kwa kuwa aina mbili zisizopatana zikichanganyika zinaweza kuwa uji na kutoka. Isukume kwa kidole kati ya sindano mpaka ijitokeze upande wa pili, paka bushi, paka mdomo wa sili, na paka mwili wa bolti ili usishikane na bushi kwa kutu. Uzi wa bolti ni suala jingine. Kitabu kikisema upakwe oili, paka. Kikisema ukauke, uache ukavu, kwa sababu uzi wenye grisi unavutika zaidi kwa toki (nguvu ya kukazia) ile ile, na unaweza kuikaza bolti kupita kiasi huku spana ikikuambia uko sawa.

Sasa kurudisha. Watu wengi wanaogopa hatua hii na wanaharakisha ile ya usafi, ilhali ukishasafisha na kujaza grisi vizuri, kufunga ni mpangilio tu.

Suingamu inaingia kwanza. Kabla hujaipandisha, angalia cheni. Kwenye pikipiki nyingi za motokrosi suingamu ina kitelezi cha plastiki kinachozungukwa na cheni juu na chini, na kama cheni yako imepigwa ribiti bila kiungo cha kufungulia, ni lazima ipite mahali pake kabla ya suingamu kukaa. Wengi hukumbuka hili wakiwa wamekwisha kukaza kila kitu. Paipu ya breki pia ipitishwe kwenye vishikio vyake sasa. Hakikisha washa za pembeni ziko zote mbili, moja kila upande, hazijabandikana na grisi chini ya meza. Pandisha suingamu, toa bisibisi iliyoshikilia injini huku ukisukuma ekseli ifuate nyuma yake. Ikaze kwa mkono tu.

Shokapu inafuata, bolti ya juu peke yake, nayo kwa mkono. Iangalie kabla ya kuiweka: oili kwenye fimbo yake inamaanisha sili yake imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi wa shokapu mwenye vifaa vyake. Ndani yake mna naitrojeni yenye presha kubwa, karibu baa 10 kwenye nyingi. Usiifungue uani, usiichomelee kitu, usiipashe moto.

Kisha roka kwenye kiungo chake, ukifuata alama yako ya kushoto, na fimbo baadaye. Kwenye baadhi ya pikipiki roka inakubali kukaa kinyume bila kulalamika, na hutajua mpaka suingamu iguse fremu mara ya kwanza ukitua. Hapo picha za simu zinalipa. Mwisho kabisa, mguu wa shokapu. Pandisha ile mbao chini ya suingamu polepole mpaka matundu yalingane na bolti iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Hiki ndicho kipimo changu kwa kila bolti ya linkeji: ikidai nyundo, kuna kitu hakijalingana, ama bushi imetokeza upande mmoja, ama sili imekunjika, ama washa imehama. Toa, angalia, rudia. Nati za kujifunga zenye nailoni au mdomo uliobanwa ni za kutumia mara moja. Weka mpya kama kitabu kinavyotaka.

Angalia pia bolti zimeelekea upande ulio sahihi. Kuna bolti ya fimbo ambayo ikiingizwa kinyume, ncha yake inakwaruza cheni au suingamu kila tairi linapopanda.

Bolti zote zikiwa mahali pake, ndipo spana ya toki inapotoka. Namba sahihi ni ya kitabu cha pikipiki yako, si ya rafiki yako mwenye pikipiki inayofanana. Kukupa picha tu: bolti za linkeji za pikipiki nyingi kubwa za motokrosi huwa kati ya Nm 40 na 80, na ekseli ya suingamu mara nyingi huzidi hapo, hata kukaribia 100. Mafundi wengi huamini mkono wao, na wengine wana mkono mzuri kweli. Lakini fikiria kinachotokea pale ndani. Kazi ya bolti ni kuibana ile bushi ya chuma kati ya kuta mbili ili isigeuke, sindano zizunguke juu yake. Bolti ikilegea, bushi nayo inaanza kuzunguka juu ya bolti, chuma kwa chuma bila grisi, na bolti inaliwa mpaka inakuwa na kiuno. Ikikazwa kupita kiasi, inavutika, na siku moja inakatika ukiwa hewani. Spana ya toki inaazimika. Kama klabu yenu ina wanachama kumi, nunueni moja kwa mchango.

Hapa nataka kumaliza mabishano ya gereji. Kuna wanaosema bolti zikazwe tairi likiwa hewani, na kuna wanaosema lazima pikipiki iwe chini na mtu amekaa juu yake. Wote wawili wako sahihi kwa pikipiki tofauti. Kiungo chenye beringi za sindano hakijali, kwa sababu bushi imebanwa na sindano zinageuka huru katika hali yoyote. Lakini kiungo chenye bushi ya mpira iliyogandishwa kati ya vyuma viwili, kama suingamu za pikipiki nyingi za barabarani na za bodaboda, kinageuka kwa mpira wenyewe kujipinda. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, mpira unazoea hali hiyo, na pikipiki ikishuka chini mpira unakaa umejipinda saa zote. Unachanika mapema. Hiyo ndiyo ya kukaza ikiwa chini na uzito juu yake.

Kuna vijana wafupi wanaoweka fimbo za urefu tofauti ili kushusha kiti. Zinafanya kazi, ila zinabadilisha hesabu yote ya linkeji, na pikipiki inaweza kufika mwisho wa safari yake mapema au tairi kugusa matigadi. Zikiwa za kiwandani, zilizopimwa kwa modeli yako, sawa. Zilizokatwa na kuchomelewa mtaani, hapana. Afadhali ukate povu la kiti.

Tairi likisharudi na cheni ikiwa na ulegevu wake, pima ushukaji. Mwenzako apime wima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye matigadi tairi likiwa hewani. Kisha wewe ukae juu na mavazi yako yote ya kuendeshea, usimame kwenye vikanyagio mara moja, ukae tena, apime upya. Tofauti kwa pikipiki kubwa ya motokrosi huwa karibu milimita 100 hadi 105. Pikipiki ikishuka yenyewe bila mtu, milimita 30 hadi 40. Beringi mpya zinaweza kubadilisha namba ulizozizoea, kwa sababu ule ukwamo wa zamani ulikuwa ukibeba sehemu ya uzito. Geuza pete ya springi mpaka zirudi. Ukifikisha 100 ukiwa umekaa lakini pikipiki tupu haishuki hata milimita 20, springi ni laini kwa uzito wako, na hakuna pete itakayorekebisha hilo.

Kuhusu mara ngapi, vitabu vya pikipiki za mashindano hutaka linkeji ipakwe grisi baada ya mashindano machache tu. Anayekimbia kwenye viwanja vya mashindano kama Jamhuri Park au Garuga kila msimu afuate hilo. Kwa anayetembea porini mwisho wa wiki, kalenda yetu inatosha: mara moja kabla ya masika, mara nyingine masika yakiisha, na ya tatu baada ya vuli kama ulivuka mito. Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi si hatari kama tope, lakini likishikana na grisi iliyojitokeza kwenye sili linakuwa unga wa kusagia, kwa hiyo futa grisi ya nje baada ya kufunga. Ile ya ndani ndiyo inayofanya kazi.

Ukishakaza bolti ya mwisho, chukua kalamu ya rangi nyeupe na chora mstari mmoja unaovuka kila nati na chuma kilicho chini yake. Endesha kwa saa moja hivi, osha kwa ndoo, kisha piga magoti uangalie. Mistari ikiwa imenyooka, endelea na shughuli zako. Nati ikiwa imegeuka, usiikaze tu ukaondoka. Toa bolti hiyo, angalia uzi wake, pima kama bushi inatokeza kidogo kuliko kuta za roka inavyopaswa, na weka nati mpya kabla ya kuirudisha.